Kipimo kimoja cha mkojo hakitoshi kuhukumu mifupa yako

Wengi wetu tumezoea kuufikiria mfupa kama jiwe, kitu kilichomaliza kukua na ambacho sasa kimekaa tu kubeba mwili. Sivyo. Mfupa ni kiungo hai. Usiku na mchana kuna seli zinazoubomoa na seli nyingine zinazoujenga upya, mfano wa mafundi wawili katika nyumba moja. Mmoja anang'oa matofali yaliyochakaa, mwenzake anafuata nyuma akiweka mapya. Mtu akiwa kijana, mafundi hao huenda sambamba. Umri ukisonga, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, mbomoaji humshinda mjenzi na mifupa huanza kuwa myepesi na yenye matundu. Ugonjwa huo huitwa osteoporosisi. Hauumi wala hauonekani, mpaka siku nyanya anapoteleza bafuni na kuvunjika nyonga.

Mabaki ya mfupa uliobomolewa hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo, daktari anaweza kukadiria kasi ya ubomoaji kwa kutumia chupa moja tu ya mkojo. Ni kipimo kizuri, hakina sindano wala maumivu. Lakini kina tabia moja ambayo wagonjwa wengi hawaelezwi: nambari yake hupanda na kushuka yenyewe, hata pale ambapo hali ya mifupa haijabadilika hata kidogo.

Matokeo yake ni wagonjwa kufika kliniki wakiwa na karatasi mbili za maabara na wasiwasi mwingi. "Daktari, mwezi wa pili ilikuwa 60, sasa ni 75. Dawa imekataa?" Mwingine huwa ameshakata kauli na kuziacha dawa zake kabla ya kumwuliza mtu yeyote. Na yupo anayefurahia kushuka kusiko na maana, akaendelea kununua poda ya bei ghali kwa mchuuzi aliyemwahidi mifupa ya chuma. Wote hao wanahitaji kujua jambo moja: mwili wa mtu huyumba kiasi gani wenyewe, kabla hatujasema kwamba kuna kilichobadilika? Hilo ndilo tutakalolieleza leo.

NI NINI KINACHOPIMWA?

Mfupa umejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosforasi yaliyoshikiliwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ukipenda, madini ni zege na kolajeni ni nondo zilizo ndani yake. Takriban asilimia 90 ya protini iliyo ndani ya mfupa ni kolajeni. Nyuzi hizo zimefungwa pamoja kwa vifungo imara. Seli za kubomoa zinapofanya kazi yake, nyuzi hukatwakatwa, vipande vikaingia katika damu, figo zikavichuja, na mwishowe vikatoka na mkojo.

Hapo zamani madaktari walipima kemikali moja ya kolajeni iitwayo haidroksiprolini. Tatizo lake lilikuwa kwamba kemikali hiyo hutoka pia katika chakula. Mtu aliyekunywa bakuli la supu ya mifupa au ya kwato jana yake angeweza kuonekana kana kwamba mifupa yake inabomoka, kumbe ni mifupa ya ng'ombe! Ilibidi mgonjwa ale chakula maalumu kwanza kabla ya kupimwa.

Baadaye vilipatikana vipimo vya vifungo vyenyewe vya kolajeni. Kimojawapo ni deoksipiridinolini. Kingine hujulikana kwa herufi tatu, NTX, na kilielezwa mwaka 1992 na David Eyre na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Vipimo hivi havidanganywi na supu. Hata hivyo, bado vinafuata mienendo ya mwili wa mwenye mkojo, na mienendo hiyo haitulii.

KWA NINI NAMBARI HUYUMBA

Sababu ya kwanza ni saa. Mifupa hubomolewa zaidi usiku. Kasi hupanda wakati umelala, hufikia kilele kati ya usiku wa manane na asubuhi, kisha hupungua hadi chini kabisa alasiri na jioni. Mkojo wa saa moja asubuhi na ule wa saa kumi jioni, wa mtu yule yule na siku ile ile, unaweza kutofautiana kwa asilimia 20, 30 au hata zaidi. Hakuna ugonjwa hapo.

Chakula nacho kina mkono wake. Tunapokula, ubomoaji hupungua kwa saa kadhaa. Tembe za kalsiamu zinazomezwa jioni nazo huweza kuutuliza ule mpando wa usiku. Ndiyo maana mtu aliyepimwa kabla ya kustaftahi hawezi kulinganishwa na nafsi yake mwenyewe aliyepimwa baada ya chakula cha mchana.

Sababu ya pili ni maji. Ukinywa maji mengi mkojo huwa mwepesi. Ukiwa na kiu huwa mzito. Ili kusawazisha jambo hili, maabara hupima pia kemikali nyingine, kreatinini, ambayo hutokana na misuli na hutoka mwilini kwa kiasi kinachokaribia kuwa kile kile kila siku. Kisha wao hugawanya. Tuseme lita moja ya mkojo wako ina nanomoli 300 za NTX na milimoli 5 za kreatinini. Jibu ni 60. Ukinywa maji mpaka mkojo uwe mwepesi maradufu, utakuwa na 150 kwa 2.5, na jibu bado ni 60.

Hesabu hiyo ni ya busara, lakini ina mwanya wake. Kreatinini inategemea wingi wa misuli. Kijana anayebeba magunia pale Wakulima Market ana misuli mingi, hivyo kreatinini yake ni nyingi na jibu lake huelekea kuwa dogo. Nyanya mwembamba wa kilo 45 ana kreatinini kidogo na jibu lake huelekea kuwa kubwa. Mgonjwa akikonda na kupoteza misuli kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, nambari inaweza kupanda hata kama mifupa haijabomolewa zaidi. Na ukila sinia zima la nyama choma usiku wa kuamkia kipimo, kreatinini itaongezeka na jibu litashuka kidogo. Nyama choma haijatibu mifupa. Imeivuruga hesabu tu.

Sababu ya tatu ni siku zenyewe. Hata ukitoa mkojo saa ile ile, ukiwa hujala, siku kumi mfululizo, hutapata nambari moja mara kumi. Utapata 60, halafu 52, halafu 71, halafu 58. Mwili hauna mizani ya dukani. Kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, siku za mwezi nazo huleta tofauti ndogo. Mitambo na mafundi wa maabara huongeza tofauti yao kidogo, na maabara mbili tofauti huongeza zaidi. Ukijumlisha hayo yote, NTX ya mkojo wa mtu mmoja huyumba kwa takriban asilimia 20 kutoka siku hadi siku, na kwa wengine zaidi ya hapo.

HESABU NDOGO YA KUKUSAIDIA

Sasa turudi kwa yule aliyetoka 60 akafika 75. Ongezeko ni 15, yaani asilimia 25. Je, ni habari mbaya?

Wataalamu wa maabara wana kanuni rahisi. Chukua kiasi cha kuyumba kwa kawaida, ukizidishe kwa 2.77. Kuzidisha huko kunatokana na kwamba vipimo ni viwili na vyote viwili vinayumba: cha kwanza huenda kilitua chini kwa bahati na cha pili kikatua juu, au kinyume chake. Asilimia 20 mara 2.77 ni asilimia 55. Maana yake ni kwamba tofauti kati ya vipimo viwili isiyofika karibu asilimia 55 inaweza kuwa ni kuyumba kwa kawaida, na haitoshi kuthibitisha kwamba kuna jambo lililobadilika ndani ya mifupa.

Basi 60 hadi 75 si ushahidi wa kushindwa kwa dawa. Vivyo hivyo, 60 hadi 48, yaani kushuka kwa asilimia 20, si ushahidi wa kupona. Lakini mtu akitoka 60 akafika 24, hiyo ni asilimia 60. Hapo tunaweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba kasi ya ubomoaji imepungua kweli.

Kuna njia ya kukiongezea kipimo nguvu, nayo ni kutopima mara moja. Ukitoa mkojo asubuhi mbili tofauti kabla ya kuanza dawa, na asubuhi mbili tofauti baadaye, kisha kuchukua wastani wa kila jozi, kile kiwango cha asilimia 55 hushuka hadi karibu asilimia 39. Kwa asubuhi tatu hushuka hadi asilimia 32 hivi. Gharama huongezeka, ni kweli. Lakini kulipia vipimo viwili vinavyosema jambo ni afadhali kuliko kulipia kimoja kinachokunyima usingizi bure.

Kuna mtego mwingine hapa ambao wachuuzi wa dawa za mifupa hufaidika nao, pengine bila wao wenyewe kuujua. Kipimo cha kwanza kikiwa juu sana, aghalabu sehemu ya ukubwa huo ni bahati mbaya ya siku hiyo. Ukipima tena, hata kama hukumeza kitu, nambari huelekea kushuka yenyewe kuufuata wastani wako. Mtu aliyekunywa poda katikati ya vipimo hivyo viwili ataapa kwamba poda imefanya kazi. Kumbe hata maji ya bomba yangepewa sifa hiyo hiyo.

MABADILIKO YALIYO YA KWELI

Nisieleweke kwamba kila mpando ni upepo unaopita. Kuna hali zinazoongeza ubomoaji wa mifupa kwa kweli, na daktari wako lazima azijue kabla ya kusoma karatasi.

Watoto na vijana wanaobalehe huwa na viwango mara kadhaa ya vile vya mtu mzima, kwa kuwa mifupa yao inabomolewa na kujengwa kwa kasi ili irefuke. Usilinganishe karatasi ya kijana wa miaka 14 na ya mama yake. Mwanamke anapokoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua na kasi ya ubomoaji huweza kupanda kwa asilimia 50 hadi 100. Miezi ya mwisho ya ujauzito na wakati wa kunyonyesha pia huongeza kasi.

Aliyevunjika mfupa ataonyesha nambari kubwa kwa miezi kadhaa, pengine 6 hadi mwaka mzima, kwa sababu mwili unakarabati palipovunjika. Mtu akipimwa mara ya kwanza majuma machache baada ya ajali ya matatu, nambari hiyo haielezi hali yake ya kawaida.

Kulala kitandani muda mrefu nako hubomoa mifupa, kwani mfupa usiobeba uzito huonekana na mwili kama hauna kazi. Ushahidi wa ajabu ulitoka angani. Wanaanga wa Marekani waliokaa katika kituo cha Skylab mwaka 1973 na 1974 waliacha mkojo uliohifadhiwa kwa kugandishwa. Ulipimwa miaka mingi baadaye, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba vipande vya kolajeni viliongezeka sana walipokuwa wakielea bila uzito.

Ugonjwa wa tezi ya thairoidi kufanya kazi kupita kiasi, saratani iliyoingia mifupani na matatizo ya figo hubadilisha vipimo hivi. Dawa za aina ya prednisoloni zikitumiwa kwa muda hudhoofisha mifupa. Tenofovir, iliyomo katika dawa nyingi za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, huweza kuongeza kasi ya ubomoaji hasa katika mwaka wa kwanza au miwili ya mwanzo. Hiyo si sababu ya mtu yeyote kuziacha dawa hizo zinazomhifadhia uhai. Ni sababu ya kumweleza daktari anayesoma kipimo kila dawa unayoitumia.

KABLA YA KUPELEKA CHUPA MAABARA

Huwezi kuuzuia mwili usiyumbe, lakini unaweza kupunguza kuyumba kunakotokana na mazoea. Fuata haya:

1. Amka, uende haja ndogo kama kawaida, na uumwage mkojo huo wa kwanza. Unaopelekwa maabara ni wa pili wa asubuhi, mradi utoke kabla ya saa nne.

2. Usile wala kunywa chai kabla ya kutoa mkojo huo. Maji kidogo yanaruhusiwa.

3. Andika saa uliyotoa mkojo. Ukirudi baada ya miezi mitatu, toa saa ile ile.

4. Siku moja kabla, usifanye karamu ya nyama wala mazoezi makali usiyoyazoea.

5. Usianze wala kuacha tembe za kalsiamu siku chache kabla ya kipimo bila kumweleza daktari.

6. Usiiache chupa juani au ndani ya gari lenye joto. Ipeleke upesi, ikibidi ikae, iweke kwenye friji.

7. Tumia maabara ile ile na kipimo kile kile kila mara. NTX ya hapa na deoksipiridinolini ya kule hazilinganishwi.

KAZI HALISI YA KIPIMO HIKI

Msomaji ataniuliza: kama kinayumba hivi, cha nini basi?

Kwanza, elewa kisichokuwa kazi yake. Kipimo cha mkojo hakisemi kama una osteoporosisi. Huthibitishwa kwa picha ya eksirei maalumu iitwayo DEXA, inayopima uzito wa mfupa kwenye nyonga na uti wa mgongo, kwa vigezo vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Pia huthibitishwa na historia ya kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu. Mkojo hauonyeshi mfupa upi unabomoka, wala sababu yake.

Faida yake ni kuonyesha mapema kama dawa inaufikia mfupa. DEXA huhitaji mwaka mmoja au miwili kabla ya kuonyesha tofauti. Lakini dawa kama alendronate, ikimezwa ipasavyo, hushusha NTX ya mkojo kwa takriban asilimia 50 hadi 70 ndani ya miezi mitatu. Tofauti kubwa kiasi hicho huonekana wazi hata kwenye kipimo kinachoyumba.

Na isiposhuka? Swali la kwanza si kama dawa ni mbovu, bali ni jinsi ilivyomezwa. Wengi huimeza pamoja na chai ya maziwa na mkate. Kalsiamu ya maziwa huishika dawa hiyo tumboni, na kiasi kinachoingia katika damu huwa karibu na bure. Alendronate humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, kisha mtu hukaa wima au kutembea kwa angalau nusu saa kabla ya kula kitu. Mama anayetumia tembe ya juma anaweza kuichagua siku ya Jumapili na kuimeza kabla hajajitayarisha kwenda kanisani. Akirudi kupima baada ya miezi mitatu, mara nyingi karatasi itakuwa na habari nyingine.

Kwa anayedungwa sindano ya denosumab kila baada ya miezi sita, nasisitiza: usiiache wala kuichelewesha kwa sababu ya nambari ya maabara. Sindano hiyo ikikatizwa bila dawa nyingine kuchukua nafasi yake, ubomoaji hurudi kwa kishindo na mifupa ya uti wa mgongo inaweza kuvunjika mmoja baada ya mwingine. Zungumza na daktari kwanza.

Pia kuna vipimo vya damu. Tangu mwaka 2011, mashirika ya kimataifa ya mifupa na ya maabara yamependekeza viwili, CTX na PINP, viwe vya kulinganishia, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba huyumba kidogo kuliko vya mkojo. Lakini hata hivyo vina mipaka yake. CTX huathiriwa sana na chakula, na lazima damu itolewe asubuhi kabla ya kula. Uliza maabara yako wanacho kipi, na wakwambie kipimo chao huyumba kwa asilimia ngapi.

Karatasi ya pili ikija, basi, usikimbilie mshale uliochorwa kando ya nambari. Jiulize: je, saa ilikuwa ile ile? Nilikuwa nimekula? Maabara ni ile ile? Nimevunjika mfupa au kuanza dawa mpya? Na tofauti yenyewe ni asilimia ngapi? Ukiwa na majibu hayo, dakika tano za daktari zitakufaa kuliko wiki tano za wasiwasi. Na iwapo una maumivu ya mifupa yanayokuamsha usiku, unakonda bila sababu, au umepungua kimo, usingoje kipimo cha mkojo hata kidogo. Muone daktari juma hili.

Juma lijalo tutazungumzia jinsi ya kuiandaa nyumba ili wazee wetu wasianguke, kuanzia taa ya ushoroba hadi zulia linaloteleza.